Tukimpeleka mama baharini

*Kutoka Pongwe hadi ufukweni ni mwendo mfupi kwa gari. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, presha na haya ya kuulizia choo, mwendo huo huo unataka maandalizi ya harusi.*

Mwenye simu akiandika neno "Pongwe" akitafuta mahali pa kupumzikia, mara nyingi ataletewa picha za mchanga mweupe, minazi iliyoinamia maji na mashua zilizotia nanga. Hiyo ni Pongwe ya Unguja, upande wa mashariki wa kisiwa. Pongwe ya Tanga ni nyingine. Hapa inapita barabara kuu ya kutoka Segera kwenda Tanga mjini, yanapita malori yaliyosheheni saruji, na yapo machimbo ya mawe ya chokaa ambayo vumbi lake hutua juu ya mabati na majani ya miembe. Bahari haionekani.

Haionekani, lakini iko jirani. Kutoka Pongwe hadi Tanga mjini ni kama kilomita 15, na kutoka mjini hadi ufukwe wa Raskazone ni safari ya bajaji. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mzee wa Pongwe ambaye bahari aliiona mara ya mwisho wakati magoti yake bado yanamruhusu kupanda daladala.

Watoto wake wako Dar es Salaam, Arusha, wengine Muscat. Likizo ya Desemba ikikaribia, kundi la familia kwenye simu linachangamka: mwaka huu tumpeleke mama bichi. Mmoja anataka Unguja kwa boti. Mwingine anataka Ushongo, ng'ambo ya Mto Pangani. Wa tatu anauliza kama hoteli ina intaneti. Michango inaanza kutumwa, na anayeulizwa mwisho, pengine asiulizwe kabisa, ni mama mwenyewe.

"Mimi na bichi wapi na wapi?"

Jibu hilo limezoeleka midomoni mwa wazee, na watoto hulichukua kuwa ni ukaidi au kuogopa gharama. Mara nyingi ni neno linalofunika jingine. Mama anaamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo na hataki mkwe wake ajue. Choo cha nyumbani anakifikia kwa kupapasa ukuta. Cha hoteli hakijui. Ana kuku wake, ana jirani mgonjwa anayempelekea uji. Na picha ya bichi anayoonyeshwa ni ya watu waliojilaza juani nusu uchi. Hajioni humo.

Wapo wanaosema basi aachwe apumzike kwake. Umri wa kuzungushwa umepita, wanasema, na mzee akidondoka ugenini lawama itamwangukia aliyemtoa nyumbani. Hoja hiyo ina uzito wake, nayo itarudi hapa chini. Lakini inasahau kwamba kwa mwanamke aliyekulia ukanda huu, bahari si jambo lililoletwa na watalii. Pwani ilikuwa na desturi ya kuoga baharini Siku ya Mwaka, na kule Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa bado husherehekewa kila Julai. Wanawake walishuka majini na kanga zao kutanda uduvi, wakarudi na kitoweo. Mama anayekataa "bichi" huenda aliyajua maji kabla watoto wake hawajazaliwa.

Ndiyo maana swali likigeuzwa, jibu nalo hugeuka. Akiulizwa angependa kumwona nani, atataja dada yake aliyeolewa Pangani, au shoga yake wa shule aliyebaki Kigombe, au kaburi la kaka yake ambalo hajalisomea dua kwa miaka. Safari ya pwani kwa watu wa rika lake ni kuzuru watu. Maji, upepo na samaki wa kuchoma vinakuja pamoja na hao watu.

> Mama anayekataa "bichi" anaweza kukubali upesi akiulizwa: ungependa kumwona nani?

Liko pia kosa linalofanywa kwa mapenzi kabisa. Baba akishazikwa, watoto wanataka kumwondoa mama haraka nyumbani abadilishe hewa. Katika familia ya Kiislamu mjane yumo edani miezi minne na siku kumi, na nyumba hiyo ndiyo stara yake. Hoteli ya ufukweni na isubiri. Anayeharakisha humweka mama katikati ya dini yake na mapenzi ya wanawe, na hapo atanyamaza tu.

Raskazone, Tongoni au ng'ambo ya mto

Kwa mzee anayetoka Pongwe, Raskazone ndiyo chaguo jepesi kuliko yote. Ni ndani ya jiji, ufukwe uko kwenye ghuba iliyotulia ukitazamana na Kisiwa cha Toten, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, iko njiani ikielekea bahari. Asubuhi kwenda, alasiri kurudi, na usiku mama analala kitandani kwake. Watoto wanaotoka mbali huona ni kidogo mno, nauli yote ile kuishia mjini Tanga. Lakini kwa mtu ambaye hajalala nje ya nyumba yake kwa miaka, siku moja iliyokwenda vizuri ni jaribio linaloonyesha kama siku tatu zitawezekana.

Ukifuata barabara ya Pangani kusini ya mji, kama kilomita 17, unafika Tongoni. Hapo upo msikiti wa kale na makaburi zaidi ya 40, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Karibu na pwani hii, iliyoitwa Mtangata, ndipo São Rafael, moja ya meli za Vasco da Gama, ilipokwama kwenye mafungu mwaka 1498. Wajukuu watapenda kisa hicho. Babu au bibi apelekewe kiti kivulini, maana ardhi ya magofu ni mawe na mizizi, na mkongojo huteleza kwa urahisi.

Pangani yenyewe ni kama kilomita 50 kutoka Tanga. Barabara hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na mashimo. Sasa imo katika mradi wa lami unaounganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo. Mzee mwenye maumivu ya mgongo anaijua tofauti ya lami na vumbi kuliko mhandisi. Kigombe iko njiani, na ni vyema pawe kituo cha kunyoosha miguu na kujisaidia, hata kama dereva anaona bado mapema.

Ushongo ndiko wengi wanakovutwa na picha, na kwa kweli ni ufukwe mzuri: mrefu, mtulivu, minazi hadi karibu na maji. Shida ni kwamba uko kusini ya mto, kama kilomita 15 kutoka mji wa Pangani, na hospitali ya wilaya iko upande wa mjini, kaskazini ya mto. Daraja la mita 525 linalojengwa hapo ndilo litakalobadilisha hesabu hiyo. Kabla gari halijapita juu yake, anayempeleka mgonjwa wa moyo Ushongo aulize jambo moja kabla ya bei ya chumba: kivuko kinasimama saa ngapi, na usiku wa manane gari litavukaje?

Kutoka Ushongo vijana watataka kwenda Maziwe kwa boti. Kisiwa hicho kilikuwa na msitu wa mivinje. Miti ya mwisho ilipotea mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo kilichobaki ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Boti haina gati kule. Mtu anashuka majini, maji ya paja au kiuno, kisha anapanda tena huku boti ikiyumba. Mzee abaki ufukweni bila kuona haya. Anayekumbuka kisiwa kikiwa na miti ana jambo la kuwasimulia wajukuu kabla hawajapanda boti, ambalo wakifika hawataliona.

Mapango ya Amboni mzee ayatazame mlangoni tu, na mwenye magoti mazima apite ndani, kwa kuwa kuna kuinama, giza na miteremko. Chemichemi za maji moto za Galanos, huko huko Amboni, zina sifa kwa watu wenye maumivu ya viungo na ngozi. Harufu ya kiberiti ni kali. Mwenye presha asikae muda mrefu ndani ya maji moto, maana mishipa hutanuka na akisimama ghafla kizunguzungu humtupa chini.

Na Unguja? Inawezekana, lakini safari ya boti ina kichefuchefu, foleni na daraja la kupandia linalocheza. Ndege ndogo za kutoka Tanga zina ngazi nyembamba na mlango wa kuinama. Kama magoti hayawezi ngazi ya daladala, hayawezi hiyo.

Bahari ina saa zake

Watoto hupanga safari kwa kalenda ya kazi. Wavuvi wa Tanga hupanga kwa mwezi wa angani, na kwa safari ya mzee kalenda ya wavuvi ndiyo sahihi.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katika pwani hii maji hukupwa sana kama saa 4 au 5 asubuhi, na kujaa kama saa 10 jioni. Familia inafika asubuhi, mzee amevaa, na bahari imekwenda zake mbali. Kati yake na maji kuna tope, mwani na matumbawe ya kukata miguu. Wiki moja baadaye, mwezi wa angani ukiwa na siku saba hadi tisa hivi, na tena karibu na siku ya 22, yanakuwa maji mafu. Tofauti ya kujaa na kupwa inapungua, na maji hujaa kama saa 4 asubuhi, kabla ya jua la adhuhuri. Mzee anashuka hatua chache, anakaa kwenye kiti cha plastiki maji yakimfika vifundoni, na mchanga chini yake haukimbizwi na mkondo. Kila siku saa za maji husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo anayetaka siku tatu aziandike zote kabla ya kulipia.

> Maji mafu, saa 4 asubuhi: bahari imekuja hadi kwenye kiti cha mama.

Majira nayo yana mvutano wake. Desemba hadi Machi ni kaskazi, na ndiyo miezi ya joto kali Tanga. Lakini Desemba ndiyo likizo ya shule na ndipo ndugu wa Muscat wanaporudi. Machi hadi Mei ni masika. Juni hadi Agosti hewa ni ya baridi kidogo na mwili wa mzee hupumua, ila kusi huchafua bahari. Kama ni mama ndiye mwenye safari, basi Juni, Julai au Septemba zinamfaa kuliko Desemba. Hapo mtoto mmoja atalazimika kuomba ruhusa kazini, na mwingine hatakuwepo. Familia nyingi hazipendi kulisema hilo waziwazi; zinasema "Desemba tutakuwa wote", kisha mama anashinda chumbani na feni.

Dawa, dafu na jua

Mwili ukizeeka, kiu hupungua hata kama maji yamepungua. Mzee atasema hana kiu, na atakuwa anasema kweli, huku midomo inakauka na kichwa kinaanza kumzunguka. Wengine huacha maji makusudi ili wasisumbue gari kwa kujisaidia. Anayetumia dawa za presha za kukojosha yumo hatarini zaidi. Apewe maji kidogo kidogo kwa saa, na daktari aulizwe kabla ya safari kama dozi ibaki ilivyo. Kuiruka dawa ya asubuhi kwa ajili ya barabara ni kosa kubwa, na hufanyika kila siku.

Dafu ni baraka ya pwani, lakini lina potasiamu nyingi. Kwa mzee mwenye figo zilizochoka, au anayetumia baadhi ya dawa za presha na moyo, madafu matatu kwa siku yanaweza kumdhuru. Hilo ni la kumuuliza daktari mapema, kabla muuzaji hajanyanyua panga.

Wenye kisukari huogopa safari kwa sababu ya insulini. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti mwaka 2021 uliotumia vipimo vya joto vya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, nchini Kenya. Walikuta insulini iliyokaa katika joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake kwa wiki nne. Kwa hiyo chupa inayotumika haitaharibika kwa kukosa friji siku tatu, ikikaa kivulini, pengine ndani ya chungu cha udongo chenye majimaji. Inaharibika ikiachwa kwenye gari lililofungwa juani, au ikigusana na barafu ikaganda.

Miguu ya mwenye kisukari ni jambo jingine. Mchanga wa saa saba mchana unaunguza, na yeye huenda asihisi. Yeboyebo zisivuliwe, hata majini.

Ngazi tatu na mlango mwembamba

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wanaokufa zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60. Wanaomlaza mzee mahali pageni wanahofia mawimbi. Wangehofia zaidi sakafu ya bafu iliyoloa saa 9 usiku.

Hapa ndipo wenye hoteli wanapoingia. Majengo mengi ya ufukweni yamepambwa yaonekane ya asili: vijia vya mchanga, ngazi za mbao zisizo na kishikio, bafu lisilo na paa lenye mawe chini. Kijana anapiga picha. Kiti mwendo kinazama. Wenye hoteli wana lao: wateja wao wengi ni vijana na wageni, na mchanga hauwekewi sakafu. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayohudumia umma yafikike, na mtelemko mmoja wa zege pamoja na chuma cha kushikia chooni havigharimu sawa na bwawa la kuogelea. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mzee kuanzia miaka 60. Wateja hao wapo, wana watoto wanaolipa, na wataongezeka.

Kabla ya kulipa, mtoto apige simu na kuuliza kwa maneno ya kawaida. Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Kutoka chumbani hadi mezani kuna ngazi ngapi? Umeme ukikatika, taa ya usiku ipo? Kitanda kina urefu gani, na chandarua kinashuka bila kumkwamisha anayeamka? Atumiwe picha ya choo. Mhudumu anayeona ajabu kuombwa picha ya choo amekwisha kujibu maswali yote.

Gesti ya kawaida mjini Pangani, ya chini, yenye sakafu kavu na jirani anayemjua dada wa mama, mara nyingi inamfaa mzee kuliko nyumba nzuri ya makuti ufukweni. Mjukuu naye achukue kiti cha plastiki cha kuogea, tochi, kanga za akiba na pampasi za watu wazima zilizofungwa kwenye mfuko usioonyesha ndani. Kama mzee anasahausahau, alale na mtu anayemzoea. Mahali pageni giza likiingia humchanganya, na anaweza kutoka akitafuta mlango wa nyumbani kwake.

Anayembeba mama

Katika mipango hii yote yupo mtu mmoja asiyetajwa kwenye kundi la simu, ingawa yumo ndani yake. Ni binti anayeishi na mama Pongwe. Yeye ndiye anayejua dawa ya jioni ni nusu kidonge, na kwamba samaki mwenye miba midogo humkwama. Ndugu wakituma fedha za safari, wanadhani wamewapa likizo watu wawili. Yeye amepewa kazi ile ile mahali pasipo na jiko lake, kamba yake ya kuanikia wala jirani wa kumshikia mama dakika kumi.

Wanaotoa fedha husema wametimiza wajibu. Anayebaki na mama hasemi, kwa sababu kusema kutasikika kama anamchoka mzazi. Hapo ndipo ugomvi mwingi wa safari hizi unapoanzia, siku ya pili, kwa jambo dogo kama taulo.

> Ndugu wakituma fedha, wanadhani wamewapa likizo watu wawili.

Mgawanyo ufanywe kabla ya gari kuondoka. Mtoto wa kiume aliyetoka Dar es Salaam ajifunze dawa, azisimamie siku mbili, na alale chumba cha karibu. Kumwogesha mama wafanye mabinti na wakwe kwa zamu, kwa namna ambayo mama mwenyewe ameiridhia. Na yule wa Pongwe apewe asubuhi moja nzima, saa 4 ya maji mafu, awe na bahari peke yake bila mtu kumwita.

Siku ya kurudi gari liondoke Pangani mapema, kabla jua halijakali, na lipite Tongoni mama akitaka kusoma Fatiha. Lifike Pongwe kabla ya magharibi, kuku wahesabiwe, jirani apelekewe samaki wake. Kisha simu ipigwe Muscat, na atakayeanza kusimulia awe mama.